Mwezi wa Pili wa Mama Khampun

Mifupa ya taa ilikuwa ikining'inia kwenye boriti ya jikoni tangu watawa walipomaliza mfungo wao wa mvua. Ilikuwa mianzi mitupu, iliyochongwa nyembamba, ikapindwa na kufungwa kwa uzi hadi ikapata pembe nane na tumbo la mviringo, bado bila karatasi. Kila asubuhi Thawin alipoketi na kahawa yake, alimwona mama mkwe wake kupitia mianzi hiyo, akionekana vipande vipande: jicho hapa, kidole pale, na juu yake zile mvi alizozisokota kisogoni tangu Thawin alipomfahamu.

"Mama, mbona umeanza mapema hivi?" alimwuliza. "Safari bado iko mbali."

"Karatasi haipendi kuharakishwa," alijibu Mama Khampun bila kuinua macho.

Thawin akatabasamu na kurudi kwenye kalenda yake. Alikuwa mtu wa kalenda. Maisha yake yote ya kazi alisimamia malango ya maji ya mfereji mkuu hapa Phichit, na hapakuwa na mkulima bondeni aliyeweza kusema mpunga wake ulikauka kwa sababu Thawin alisahau siku ya kufungua. Watu walimwita Bwana Maji. Alijifanya halipendi jina hilo, lakini aliyelisahau alimwona akinuna kidogo.

Ombi la safari lilikuja katikati ya mvua, siku walipopeleka chakula kwa watawa kumkumbuka Wilawan. Wilawan alikuwa mke wa Thawin na mtoto pekee wa Mama Khampun. Alipougua kwa mara ya kwanza, zamani hizo, mimba ilipomtoka, mama yake alishuka kutoka Nong Lom, kijiji chao kule Lamphun, milimani kaskazini, aje amuuguze kwa msimu mmoja. Msimu ule haukuisha. Sasa Wilawan mwenyewe hayupo, na wawili hawa walibaki nyumbani kama wageni ambao mwenyeji wao ametoka kidogo. Kila mmoja alimwachia mwenzake kipande kizuri cha samaki, na hakuna aliyekula.

Hata kuzungumza kulikuwa na tabu yake. Mama Khampun alisema lugha ya kaskazini, yenye maneno ya kwao na mvuto wa kwao. Thawin alisema ya bondeni. Wilawan ndiye aliyekuwa akiyavusha maneno kati yao, akiyapunguza makali na kuyaongezea sukari, na tangu aondoke walisemeshana kwa uangalifu, wakichagua yale mafupi.

"Mwanangu," Mama Khampun alisema siku ile, "nipeleke nyumbani kwenye mbalamwezi ya mwezi wa pili. Nataka kumtundikia Wilawan taa hekaluni."

Kwa miaka yote waliyoishi chini ya paa moja, alikuwa hajawahi kumwomba kitu.

"Niachie mimi, Mama. Wewe usihangaike na lolote."

"Nimekuachia," alisema.

Thawin akaishusha kalenda ya duka la mchele, ile inayoandika siku za serikali kwa rangi nyeusi na siku za mwezi mwandamo kwa nyekundu chini yake. Akaufuata wekundu kwa kidole hadi mbalamwezi ya mwezi wa pili. Iliangukia mwanzoni mwa Januari. Zile taa za kurushwa angani alizijua, televisheni ilizionyesha kila mwaka, na aliuliza kama ndizo. Mama mkwe wake alikunja pua. "Hizo ni za vijana na wageni wenye kamera. Mimi nasema za kutundika, za hekaluni kwetu." Basi ni sherehe nyingine, Thawin akawaza. Taa za watu wa bondeni ni za mwezi wa kumi na mbili, wakati mto Nan umejaa hadi midomoni na kila familia inashuka kuweka majini vikapu vyake vya mgomba vyenye mshumaa juu yake. Usiku huo yeye na Wilawan hawakuukosa hata mara moja. Mama Khampun hakuwahi kufuatana nao. Alibaki akiwasha vibakuli vya udongo kwenye ngazi ya nyuma, ambavyo Thawin aliamini ni vya kufukuzia mbu.

Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili ni wetu, na wa pili ni wao. Hesabu ilikaa sawa kabisa, na hesabu iliyokaa sawa haikuwahi kumtia Thawin shaka.

Alikata tiketi za gari la moshi za Januari, viti vya kulala nyuma, upande usiopigwa na jua. Alinunua sweta zito la rangi ya waridi, maana muuzaji alimwambia baridi ya milimani mwezi huo si ya kuchezea. Mama Khampun alilipokea kwa viganja viwili, akalipima uzito.

"Zito," alisema.

"Huko ni baridi, Mama."

"Baridi ndiyo itakuwa inaanza." Akaunganisha viganja kumshukuru, akalikunja vizuri kuliko lilivyotoka dukani.

Kitu kimoja Thawin hakukipanga, naye hakuwa mtu wa kuacha kitu bila kupangwa. Hakukata tiketi za kurudi. Kule Nong Lom alikuwapo Kaeomun, mdogo wake Mama Khampun, na nyumba waliyozaliwa, na watu wanaosema kama yeye. Huku Phichit alikuwa na nini? Mkwe mwenye kalenda. Thawin aliogopa kumwuliza kama atarudi, kwa kuwa angemjibu. Aliiogopa ile nyumba bila sauti ya kinu chake asubuhi. Na kila alipotazama kalenda na kuona Januari bado iko mbali, alifurahi, kisha akajionea haya.

Wakati huo taa iliendelea kupata mwili. Mianzi aliikata Thawin mwenyewe ukingoni mwa mfereji, lakini mengine yote yalitoka mikononi mwa Mama Khampun. Alipika gundi ya uji wa muhogo, akaipaka kwa kidole kimoja tu, cha kati. Akavuta karatasi ya maganda ya mforosadi juu ya kila pembe hadi ikakaza, na ilipokauka ikalia ukiigonga kwa ukucha. Kisha akakata maua ya karatasi ya dhahabu, bila kuchora kwanza, mkasi ukitulia na karatasi ndiyo ikizunguka. Thawin alikuwa ameona wahandisi wa serikali wakipima mabwawa kwa vyombo vya thamani, ila hakumkumbuka hata mmoja aliyekuwa na utulivu ule. Aliacha kahawa yake ipoe. Alistaajabu jinsi mtu alivyoweza kukaa nyumbani mwake miaka yote hiyo akiwa na ufundi kama huo mikononi, na yeye akamjua kwa kuponda pilipili tu.

"Wilawan alijua kutengeneza?" aliuliza.

"Alikuwa anakula gundi," alisema Mama Khampun, na kwa mara ya kwanza tangu msiba walicheka pamoja.

Siku moja kabla ya sikukuu ya mto, Thawin alirudi kutoka ukingoni, ambako vijana walikuwa wakikata migomba ya kutengenezea vikapu vya kuelea. Alimkuta mama mkwe wake kwenye kibaraza cha mbele. Amevaa sketi ya kufunga ya mistari ya kwao, ile inayotoka sandukuni kwa mambo makubwa. Pembeni pana mfuko wa nguo, sweta la waridi likiwa juu, na taa imefunikwa kwa kipande cha chandarua.

"Gari letu la kesho ni asubuhi au jioni, mwanangu?"

"Gari gani, Mama?"

"La kwenda kwenye taa."

Thawin akacheka, kicheko ambacho baadaye alitamani angekimeza. "Mama, bado miezi miwili. Huu ni mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa pili ni huko Januari, tiketi ninazo."

Mama Khampun aliinua macho. Juu ya paa la jirani, jua likiwa bado halijazama, mwezi ulikuwa umeshatoka, umebakiza ukingo mdogo tu kujaa. Aliutazama kwa muda, kisha akamtazama mkwe wake.

"Haya," alisema. "Si kitu."

Akaubeba mfuko wake ndani. Thawin alisikia kabati likifunguliwa, nguo zikirudishwa, na mlango ukifungwa polepole ili usimsumbue mtu. Afadhali angeubamiza. Alisimama pale barazani bila kujua amekosea wapi, ila alijua amekosea.

"Bwana Maji." Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Ilikuwa ya Samruai, jirani anayechoma ndizi za kuuza, mzaliwa wa Phrae, kaskazini huko huko, na mwenye masikio yasiyokosa neno. "Hivi wewe umeoa kaskazini tangu lini?"

"Kwani imekuwaje?"

"Imekuwa kwamba kule kwetu tumewatangulia miezi miwili. Mwezi wenu wa kumi na mbili ndio mwezi wetu wa pili. Mbalamwezi ni hiyo hiyo, kaka yangu. Ama ulidhani tuna ya kwetu peke yetu huko juu?"

Thawin aliutazama tena ule mwezi juu ya paa.

"Umegawia watu maji miaka nenda rudi kwa kutazama mwezi," Samruai aliendelea, akigeuza ndizi zake, "na kumbe jina lake hulijui. Mama wa watu kanionyesha sweta. Nikasema moyoni, huyu mkwe anampeleka mama yake kwenye barafu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe huambiwi. Wewe unapanga."

Neno lile lilimwingia. Vibakuli vya ngazi ya nyuma vilimrudia akilini. Havikuwa vya mbu. Kila mwaka, usiku uleule aliokuwa mtoni na Wilawan, mama huyu alikuwa akiifanya sikukuu yake peke yake, hatua chache kutoka jikoni, na hakuna aliyemwuliza. Na je, kosa hili la sasa lilikuwa la kalenda tu? Angeweza kumwuliza Samruai tangu mvua. Angeweza kumwuliza mama mwenyewe: ni lini hasa? Hakuuliza kwa sababu Januari ilikuwa mbali, na mbali ndiko alikokutaka.

Aliwasha pikipiki hadi stesheni. Viti vyote vya kwenda kaskazini vilikuwa vimekwisha. Kijana wa dirishani alimtazama kwa huruma. "Mzee, watu walikata wakati wa mvua. Hizi siku zinataka mtu anayejipanga."

"Hakuna kabisa?"

"Labda lile la daraja la tatu la alfajiri, linalosimama kila kituo. Hilo halikatiwi mapema. Unakuja, unapanda, Mungu akikujalia unakaa."

Thawin alikuwa hajawahi kusafiri bila kujua namba ya kiti chake. Alirudi nyumbani, akapiga magoti mlangoni mwa chumba cha mama mkwe wake kama alivyopiga siku ya kuposa.

"Mama, nimekosa. Nimehesabu kwa mwezi wa kwetu."

"Mwezi wa kwenu nao ni mwezi," alisema Mama Khampun kutoka ndani.

"Tunaondoka kesho alfajiri. Lakini hatuna viti. Huenda tukasimama mpaka Lamphun."

Mlango ukafunguka. Alikuwa bado amevaa ile sketi ya mistari.

"Tutakaa," alisema. "Watu hawaisimamishi taa."

Ilikuwa hivyo hivyo. Gari lilipoingia, lilikuwa limeshona, mabegi yakichungulia madirishani. Taa haikupita mlangoni. Mama Khampun akaiondolea chandarua, na Thawin akaiinua hadi dirisha la karibu, bila matumaini makubwa. Mikono ikatoka. Askari mmoja kijana aliipokea kwa pembe mbili, akampa mama mwenye vikapu vya wali wa kunata, naye akampa mwingine, ikapita juu ya vichwa vya watu taratibu, hakuna aliyesukumana. Mtu akaifunga kwa utepe kwenye chuma cha mizigo. Pale, katikati ya behewa, ikatulia ikiyumba, maua yake ya dhahabu yakikamata mwanga wa kwanza. Behewa zima likainua macho kuitazama. Thawin alipogeuka, Mama Khampun alikuwa ameshapewa kiti cha dirishani na nusu ya wali wa mtu.

"Nani kaitengeneza, bibi?" askari aliuliza.

"Mkwe wangu alikata mianzi," alisema.

Thawin aligeuza uso kutazama mashamba. Alijiona mdogo, na haikumuuma. Zamani za kazi aliamini kwamba mambo huenda kwa sababu mtu fulani amefungua lango kwa wakati wake. Humu ndani hakuna aliyepanga chochote, na kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Walipofika milimani, yule askari alisinzia begani kwake, naye hakumwondoa.

Kaeomun aliwapokea na gari la mkulima jirani. Alikuwa mnene, mcheshi, mwepesi wa machozi. Alimkumbatia dada yake, akamshika Thawin mkono, na kabla hawajapanda alikwisha kusema alichokuwa akikisubiri kukisema. "Chumba chako nimekifagia, dada. Nimeweka na godoro jipya. Hata paka tumemzuia asiingie."

"Ahsante," alisema Mama Khampun.

Thawin aliyapokea yale kama mtu anayesomewa kwamba maji ya mfereji yameshuka. Alikwishajua. Akaamua kwamba hataiharibu siku hii kwa uso wake.

Lango la hekalu la Nong Lom lilikuwa limegeuzwa msitu. Mashina ya migomba na miwa yenye majani yake yalisimama kushoto na kulia, makuti mabichi yakapinda juu, hata mtu aliinamisha kichwa kuingia. Ndani, nyaya zilikuwa zimevutwa kutoka mti hadi paa, na kwenye nyaya taa, nyeupe, nyekundu, za rangi ya manjano ya vazi la watawa, nyingine za pembe nane kama yao, nyingine ndefu kama magunzi, zikiwa bado hazijawashwa. Upepo ukipita zilizunguka zote upande mmoja. Thawin alisimama mdomo wazi. Miaka yote ile alidhani Wilawan anapoitaja Nong Lom huongeza chumvi, na kumbe alikuwa akipunguza ili mume asijisikie vibaya.

Walimpa Thawin mti wenye panda ya kutundikia, kwa kuwa alikuwa mrefu.

"Kushoto," Mama Khampun aliamuru kutoka chini.

Thawin akasogeza.

"Siyo kushoto kwako. Kushoto kwa hekalu."

"Hekalu lina kushoto, Mama?"

"Lina. Lina na masikio pia, shusha sauti."

Taa ilipokaa, mtawa mmoja mzee aliwasha mshumaa uliokuwa ndani yake. Maua ya dhahabu yakageuka kuwa kivuli, na karatasi yenyewe, ile nyeupe isiyo na kitu, ndiyo ikawa na rangi. Mama Khampun hakulia. Aliunganisha viganja na kulitaja jina la mwanawe kwa mvuto wa kaskazini, ambao Thawin alikuwa hajausikia tangu mazishi. Yeye ndiye aliyelia, waziwazi, na hakuna aliyemshangaa.

Giza lilipoanza kuingia, mama mkwe alikaa kwenye ngazi ya hekalu, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na vibakuli vya udongo, mafuta, na tambi za pamba alizozisokota kwa mkono. Thawin alizitambua.

"Hizi ndizo za ngazi ya nyuma," alisema.

"Ndizo." Akachagua utambi mmoja mnene, akaulaza kwenye kibakuli chenye mafuta, akauwasha, akampa. "Huu wako. Nyuzi zake ni idadi ya miaka yako, na mmoja wa mwaka unaokuja. Mwaka huu umenisumbua, umekuwa mnene, umezeeka."

Thawin alishika kibakuli bila kusogea. "Kila mwaka ulikuwa unawasha wangu?"

"Nani mwingine angewasha? Ninyi mlikuwa mtoni."

Alikumbuka asubuhi moja alipovifagia vibakuli vile kwa mguu hadi shimoni, akilalamika kwamba vitamwangusha mtu. Alitaka kuliungama jambo hilo, lakini Mama Khampun alikuwa anamtazama kama mtu anayelijua na aliyekwisha kulipita. Badala yake akasema lile jingine, lililokuwa zito zaidi.

"Mama, kesho mimi narudi. Nimeona chumba chako. Ni kizuri." Aliinamia kibakuli chake. "Nitakuletea kinu chako."

Mama Khampun alimimina mafuta kwenye kibakuli kinachofuata. Kengele ndogo ililia mahali ndani, na Kaeomun alisikika akimkaripia mtoto wa mtu.

"Zile tiketi zako za Januari," alisema, "umezirudisha?"

"Bado."

"Usizirudishe. Lile sweta nitalivaa lini?"

Thawin, mtu wa hesabu, alichelewa kuielewa hii. Tiketi zile zilianzia Phichit. Mtu hawezi kupanda gari Phichit kama hajarudi kwanza Phichit.

"Mwezi huo hakuna taa huku, Mama," alisema polepole.

"Najua. Mwezi wangu nimeuona. Tutakuja kuutazama na wa kwako." Akasogea, akampisha nafasi kwenye ngazi. "Kaa hapa, ukinge upepo. Utambi wako unataka kuzimika."

Thawin akakaa, akauzungushia moto viganja vyake viwili.